Vali ya Ng'ombe Kifuani mwa Mzee Muhuri

Ndugu, majirani na wateja wa bucha yetu, mimi ni binti wa mwisho wa marehemu, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, naomba mnivumilie nikicheka mahali, maana mwenyewe angecheka.

Baba alizaliwa tarehe 3 Machi 1948, mtoto wa tatu wa seremala na mkunga, akasoma hadi darasa la nane mwaka 1963, na mwaka uliofuata akaajiriwa machinjioni kuosha sakafu. Mwaka 1975 alifungua bucha yake, na kwa kuwa hakuwahi kutundika nyama isiyo na muhuri wa mkaguzi, hata foleni iwe ndefu kiasi gani, mtaa mzima ulimwita Mzee Muhuri.

Tarehe 13 Agosti 1977 alifunga ndoa na mama yetu, mteja aliyembishia mizani siku ya kwanza tu, wakajaliwa watoto watatu, kaka zangu wakakimbilia ofisini, nikabaki mimi, nisiyejua hata kutenganisha mbavu.

Mwaka 2010 pumzi ilianza kumkatika, madaktari wakakuta vali ya moyo, ule mlango mdogo wa kupitisha damu, imekakamaa, wakashauri awekewe nyingine iliyotengenezwa kwa utando unaozunguka moyo wa ng'ombe. Baba hakuogopa kisu, aliogopa kufa kabla hajanifundisha kazi, lakini asubuhi ya tarehe 9 Juni, mashine zikiwa tayari, aligoma kutia saini mpaka aambiwe ng'ombe huyo alikaguliwa na nani. Mama alimsihi aache ukaidi, akajibu kwamba asichoweza kumuuzia jirani hawezi kukitia kifuani mwake. Daktari bingwa hakukasirika, alimletea boksi na cheti cha ukaguzi, baba akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari, akasaini. Alipopona alikiri kwamba utando huo alikuwa akiwatupia paka miaka yote, na aibu ilimshika kwelikweli.

Daktari alikadiria miaka kumi, tukapata karibu kumi na minne, na kila siku alisimama nyuma yangu akikosoa ninavyonoa, ninavyokata na ninavyofunga. Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2024 vali ilichoka, na mwili haukuweza tena kuhimili upasuaji. Jumamosi tarehe 18 Mei alikuja buchani, akapanga foleni kama mteja, nikamkatia nusu kilo, akaigeuza pande zote, na kwa mara ya kwanza hakunirekebisha. Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 21, akiwa usingizini baada ya chakula cha mchana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa subira yao, majirani kwa kutobanduka kwetu, na wachinjaji wenzake waliombeba leo.

Baba, kazi nimeijua, pumzika sasa kwa amani.