Njia ya Juu ya Mapaa

Basi la Ghardaia, mji wa jangwani, lilipokuwa likishuka bondeni, Hammou alijifanya amelala ili awasikilize vizuri wanawake wawili wa kiti cha mbele.

"Mji wenu mpya mzuri, mwanangu," Bi Bayya alimwambia Setti, mchora ramani wa mji huo, aliyekutana naye humo garini. "Ila nyumba mmeziachanisha. Dada yangu haoni, na kila adhuhuri namwendea kwa kupita juu ya mapaa yetu bapa yaliyoshikana, kama wanawake wote wa mji wa zamani. Tukihamia huko nitapitaje?"

"Barabarani, bibi. Tumepanda miti ya kivuli."

"Imefika wapi?"

"Magotini."

"Basi nitakwenda nikitambaa."

Hammou nusura acheke usingizini. Setti alikunjua ramani ya mji mpya, akaanza kuunganisha paa na paa kwa kidole, kutoka nyumba ya bibi kuelekea ya dada yake, taratibu, kama anayetembea ndotoni. Alikuwa amebakiza paa moja basi liliposimama, na Bi Bayya akashuka.