Mate ya Mama

Fundi cherehani alikuwa nyuma ya abiria wawili ndani ya basi, akisikia yote huku akijifanya anatazama dirishani, kama tufanyavyo sote. Mama mmoja alikuwa akimweleza jirani yake, mzee aliyestaafu kazi ya kuosha maiti, kwamba ameitwa hospitali. Mifupa imeokotwa machimboni, na mwanawe ametoweka mwaka wa nne sasa.

"Walianza na meno," alisema mama. "Wakaniuliza alitibiwa wapi. Nikawaambia mwanangu jino likimuuma husukutua maji ya chumvi, basi. Hawana cha kulinganisha, ndiyo maana wanataka mate yangu wapime vinasaba."

"Uwape, dada. Ukimzika utaacha kukaa roho juu."

"Hiyo roho juu ndiyo inayonilisha, mzee wangu. Mlango ukigongwa, nakimbia. Wakisema ni yeye, nitamkimbilia nani?"

Mzee alikuna kidevu. "Nimeosha wengi wasiojulikana. Huzikwa kwa namba, hata wa kuwalilia hakuna."

"Namlilia kila siku. Kaburi la nini?"

Fundi alijikuta akiomba kimoyomoyo mifupa ile iwe ya mtoto wa mtu mwingine. Kisha akaona haya, kwani huyo mwingine naye ana mama.

Basi likasimama hospitali. Mzee akakunja miguu kumpisha. Mama akakumbatia mkoba wake, akakaa palepale, akiwatazama wenzake wakishuka mmoja mmoja.

"Dada, ndiyo hapa," mzee alisema taratibu.

"Naona," alijibu mama.