Usiirudishe Sare

Kijiwe chetu ni benchi la mbao nyuma ya kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli, pale mabomba ya mvuke yanapotokeza ukutani na kukohoa. Benchi lenyewe lina miguu mitatu na tofali. Anayechelewa hukaa upande wa tofali, na anayechelewa siku zote ni mimi. Sote hapo ni wageni katika nchi hii. Kila mmoja ana kibali ambacho jina la kampuni limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina lake. Yupo Bomba, fundi wa mabomba, anayepiga kelele hata akikuomba radhi, maana miaka yote anazungumza pembeni ya mashine. Yupo Wakili, ambaye si wakili. Kampuni humpeleka alfajiri kufagia ofisi ya mawakili kabla hajaja kukunja mashuka, na anachokiokota kwenye ndoo ya takataka hutuletea sisi kama sheria. Mimi ni dereva wa gari la mashuka. Wananiita Begi, kwa kuwa nimefanya kazi nchi nne na begi lile lile lenye zipu mbovu. Kwa sababu ya nchi hizo nne watu wananidhania nina akili, na sijawahi kuwakatalia.

Siku hiyo saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko ya robo saa, katikati yetu alikaa Dada wa Pasi. Alikuwa amevaa sare ya kampuni, blauzi ya buluu, kitambulisho kifuani. Ungempita ungesema yuko kazini. Alikuwa ameacha kazi siku tatu zilizopita.

— Mkono unaendeleaje, dada? — nikamuuliza.

— Unawasha. Nesi anasema ukiwasha unapona. Labda na mimi nikiwashwa sana nitapona.

Mashine yake ya kupigia pasi ilivunjika mpini mwezi uliopita. Alitoa taarifa mara tatu. Mara ya tatu msimamizi alimwambia akamatie taulo lililoloa, kana kwamba anazungumza na mtu anayeepua sufuria. Wiki haikuisha, sahani ya moto ikamwangukia kuanzia kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Msimamizi akaja mbio, tukadhani na dawa. Kumbe na karatasi. Aandike kuwa aliungua nyumbani akipika. Dada aliisoma mpaka mwisho, akamrudishia, akatoka mlangoni na sare yake mwilini.

— Na bado umeivaa — akasema Wakili.

— Si ndivyo mlivyoniambia? Nafua usiku, naanika juu ya bomba, asubuhi navaa. Binti yangu ananiuliza, mama, mbona unavaa sare unakwenda sokoni?

Hapo nikajifanya natafuta kikombe. Aliyemwambia ni mimi. Nilimwambia usiirudishe sare, maana mtu mwenye sare na kitambulisho bado ni mtu wa kampuni, na kibali chake bado kinapumua. Katika nchi yangu ya pili, nilimwambia, mwenzetu mmoja alikaa hivyo mwaka mzima.

— Na mwisho wake? — Dada akauliza sasa, jambo ambalo angepaswa kuniuliza siku ile.

— Mwisho wake sikuuona. Nilihama.

— Begi, wewe ni hatari — akasema Bomba. — Sare ni nguo tu. Kibali kinakufa dakika ileile jina lako linapofutwa kwenye daftari la kampuni.

— Hakifi — akasema Wakili. — Kuna siku za kupumulia. Nimeona barua kwa macho yangu mawili. Imeandikwa, mfanyakazi aliyeacha kazi ataruhusiwa kukaa nchini kwa muda wa siku.

— Siku ngapi?

— Hapo ndipo ilipochanwa.

— Na kile kipande kingine?

— Nilipekua ndoo nzima, bwana. Nikapata ganda la ndizi.

Bomba alicheka mpaka akamwaga kahawa. Dada hakucheka.

— Mnisikilize. Kibali cha mwanangu kimening'inia kwenye changu. Yuko darasa la nne. Shule inataka nakala mpya Ijumaa, na leo ni Jumatano. Sitaki kujua juu ya maganda ya ndizi. Nataka kujua kama Jumatatu mwanangu ataingia darasani au atasimamishwa getini mbele ya wenzake.

Lakini kijiwe hakijui kunyamaza. Bomba alikuwa keshavuta pumzi.

— Ukweli mchungu ni huu. Kampuni ikishakufuta, taa nyekundu inawaka mpakani. Kwanza mpakani. Halafu benki. Halafu laini yako ya simu inaanza kukatikakatika. Kuna fundi mwenzangu hata mlango wa jengo alilopanga ulikataa ufunguo wake.

— Si alibadilishiwa kitasa? — nikauliza.

— Na nani? Ndilo swali. Na nani?

— Bomba, usitie chumvi.

— Sitii. Dawa yake ni kulazwa. Ingia hospitali, ulale. Afisa wa uhamiaji hawezi kumfukuza nchini mtu aliyelala. Lazima kwanza asimame.

— Na mtu akisimama kwenda msalani? — Wakili akauliza kwa utaratibu, kama hakimu.

— Aende haraka.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa amekuja akivuta sanduku lenye gurudumu moja zima na moja bovu. Alitusalimia, akauliza kama hapo ndipo pa kumsubiri msimamizi, tukasogea kumpa nafasi. Alikuwa na bahasha mapajani. Hakuna aliyemuuliza amekuja kufanya nini. Tulikuwa na mashine moja tu isiyokuwa na mtu.

— Kwa nini usiende tu dirishani uhamiaji ukaulize? — nikamwambia Dada. Ndilo lilikuwa neno langu la kwanza la maana tangu Jumatatu, na nililisema kwa sauti ndogo.

Bomba na Wakili wakanirukia pamoja.

— Akaulize? Ukiuliza umejitaja.

— Wataandika jina lake. Hata swali lina faili, Begi. Mimi nafagia kwa mawakili, nayaona mafaili.

Dada akakiweka kikombe chini.

— Yaani yule aliyeniunguza yuko ofisini kwake anakunywa chai, anajulikana jina na cheo, na mimi niliyeungua ndiye wa kujificha. Nimeiba nini? Kama kuna nilichoiba pale ndani ni mkono wangu mwenyewe, na nimetoka nao nusu. Karatasi yangu wanaiandika wao, wanaisoma wao, na mimi ninayeishi juu yake sijui mstari mmoja. Miaka sita nawanyooshea watu mashuka ambayo sitayalalia, halafu naambiwa hata kuuliza ni kosa.

Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

Yule mgeni mwenye sanduku alikuwa amesikiliza yote, taa nyekundu, kitasa, hospitali. Akainua kichwa.

— Samahani, ndugu zangu. Mimi bado sijasaini mkataba, kwa hiyo nataka kuelewa. Kati yenu nyinyi watatu, nani amewahi kuacha kazi hapa? Nimsikilize huyo.

Wakili akamtazama Bomba. Bomba akanitazama mimi. Mimi, mtu wa nchi nne, nikalitazama tofali.

Nilizihama nchi zile tatu mikataba ilipokwisha, kwa tiketi ya kampuni, nikiwa nimesindikizwa mpaka mlangoni mwa ndege. Hapa nina miaka kumi na moja, na gari ninaloendesha halina mkanda wa kiti tangu mwaka wa pili. Wakili ana miaka minane, mapafu yake yanalia filimbi kwa sababu ya ile sabuni ya unga, na hajawahi kuomba hata barakoa. Bomba ndiye mkongwe, kumi na minne. Alinyimwa ruhusa ya kwenda kumzika kaka yake, na mchana wa siku hiyo alikuwa chini ya sakafu anafunga bomba lililopasuka. Mabingwa wa kuacha kazi, sisi.

Wakili akainamisha chupa ya kahawa. Likatoka tone moja.

— Basi mzoefu wenu ni mimi — akasema Dada. — Nina siku tatu.

Akasimama. Akafungua vifungo vya ile blauzi ya buluu, chini yake akiwa na gauni lake la maua, akaivua taratibu kwa ajili ya mkono. Akaitandaza juu ya benchi na kuikunja kama wanavyotaka wa hotelini: mikono ndani, kola juu, mstari umenyooka. Kitambulisho akakiweka juu yake. Akanikabidhi.

— Kaka Begi, mpe msimamizi. Mwambie niliungulia kwake.

— Unakwenda wapi?

— Dirishani. Nikajitaje. Jina langu silionei haya.

Yule mgeni akaitazama bahasha yake, akaitia ndani ya sanduku, akafunga.

— Dada, ningoje. Hilo dirisha na mimi nina swali nalo.

— Mtusubiri hapa — Dada akatuambia. — Nikirudi mtajua ni siku ngapi.

— Tutakuwepo, dada — akasema Bomba, safari hii kwa sauti ya mtu wa kawaida. — Twende wapi?

Wakaondoka. Lile gurudumu bovu tulilisikia mpaka kona ya barabara.

Kengele ikalia. Wenzangu wakaenda mashineni. Mimi nikapita koridoni na sare mikononi kama mtu anayebeba mtoto wa watu. Msimamizi alikuwa mezani.

— Nini hiyo?

— Sare ya Dada wa Pasi. Amesema aliungulia kwako. Nami nilikuwepo, nikipakia gari.

Alikiweka kikombe chake chini.

— Begi, kibali chako kinaisha lini?

Hilo nilikuwa nalijua. Nikamtajia siku, mwezi na mwaka. Kisha nikamuuliza, na mpini wa ile mashine unatengenezwa lini?

Akafungua droo, akafunga, akafungua tena. Nilibaki nimesimama pale, nikisubiri jibu.