Bwana Prosser na Kiti cha Kushoto

Bwana Gethin Prosser alianza kazi hapa Gereji ya Tillbrook mwaka 1986, na Ijumaa hii, tarehe 28 Machi, anastaafu. Ni miaka thelathini na tisa.

Aliingia akiwa fundi wa breki. Siku hizo wenye magari ya zamani ya michezo walitaka yabaki kama yalivyotoka kiwandani. Baadaye wakaanza kuyataka yaende kasi zaidi, na hapo ndipo jina lake lilipovuka mpaka hadi kwao Wales, ambako anasema hakuna aliyekuwa akimjua hata alipokuwa akiishi huko.

Utaratibu wake haujabadilika. Mteja akiomba injini kubwa, Bwana Prosser humuuliza kwanza habari za breki, springi, shokapu na difu, zile gia za ekseli ya nyuma. Injini huja mwisho. Kuna mmoja aliyechoka kusubiri akamwambia, "Mzee, nimekuja kununua nguvu za farasi, sikuja kusikiliza mahubiri." Akajibiwa, "Mahubiri ni bure, bwana. Kaa." Yule bwana bado ni mteja wetu.

Ni yeye pia aliyetuwekea desturi ya kiti cha kushoto. Gari likikamilika, mwenyewe anaendesha, na fundi aliyelifunga anakaa kando yake, mikono mapajani, bila kushika mlango. Fundi akisita kupanda, gari linarudi kwenye jeki.

Si mtu wa maneno laini. Lakini nilipokuwa nikija kazini na mtoto wangu mchanga, mashine yake ya kusaga chuma ilinyamaza kila mtoto aliposinzia. Mtoto akiamka, inanguruma palepale. Hakuniambia neno juu ya hilo, na nilikuwa nimechoka mno kumuuliza.

Kazi yake ya mwisho ni gari la Bi Rosalind Tasker, la viti viwili, la mwaka 1967. Ni la marehemu baba yake, aliyetamani kulipandisha kilima cha mashindano cha klabu ya magari likiwa na injini ya silinda sita, akafariki kabla. Bi Tasker alitaka kumtimizia, ila gari lenyewe lilimtia hofu. Hata kwa injini yake ndogo, kwenye kona lilikuwa likirusha mkia, nyuma ikiteleza nje. Alisema wazi kwamba likiendelea kumtisha atamuuzia mtu wa Bristol, aliyekwisha kulikagua na angepiga simu Jumamosi ya kukabidhiwa gari kupata jibu.

Basi majira yote ya baridi Bwana Prosser alilifanyia kazi hilo. Alibadilisha breki, akaweka springi ngumu zaidi na shokapu mpya, akaleta difu imara na gia boksi ya gia tano, kisha ndipo akaweka injini ya silinda sita. Jumamosi iliyopita lilikuwa tayari. Bi Tasker alikuja na keki, akalizunguka, akasema, "Baba angelia."

Bwana Prosser alikuwa amechuchumaa, anatazama pua ya gari. Ilikuwa juu kidogo, kama mbuzi anayenusa mvua.

Kila fundi aliyepita hapa amekemewa naye kwa kosa hilo moja: kukaza bolti za bushi gari likiwa linaning'inia. Bushi ni vipande vya mpira kwenye viungo vya springi. Zikikazwa hewani, uzito ukishuka zinajikunja, gari halikai sawa, na mpira unachanika mapema. "Tairi chini kwanza," ndiyo kelele yake ya kila siku. Safari hii alikuwa na haraka ya kumaliza kabla ya kuondoka, akazikaza hewani yeye mwenyewe. Hakuna mwingine aliyeona kwamba pua imeinuka. Mikono yetu ilikuwa tayari kwenye keki.

"Mwanangu, sipandi," alimwambia Bi Tasker. "Nimeharibu."

"Umeharibu nini? Mbona linapendeza?"

"Linapendeza limesimama."

Fundi mmoja akauliza ni nani leo anamkemea nani. Bwana Prosser akasema keki iliwe, na yeye asiwekewe kipande. Akalisogeza gari juu ya shimo la mafundi, tairi zote chini, akamkalisha Bi Tasker kwenye usukani ili uzito uwe wa kweli. Kiti cha kushoto akaweka gunia la viazi, maana yeye alihitajika chini. Akalegeza bolti zote, pua ikashuka, akazikaza upya.

Kisha akatoa viazi, akapanda.

Walikwenda hadi juu ya kilima na kurudi. Tulisikia injini kabla ya kuliona gari. Kona ya mwisho, ile ya kwenye ukuta wa kanisa, ilikatwa kwa kasi ambayo sitaiandika hapa, na mkia haukutikisika. Bi Tasker akaegesha uani, akaweka kidole kwenye midomo yake kutuashiria tusipige kelele. Mikono ya Bwana Prosser ilikuwa mapajani, kichwa kimeegemea dirisha. Amelala.

Simu ya mtu wa Bristol ikaita. Bi Tasker akajibu kwa sauti ya chini: "Samahani, bwana, haliuzwi. Fundi wangu amelala ndani."

Bwana Prosser, asante kwa kazi na kwa kelele zako. Kipande chako cha keki tulikuwekea, usijisumbue kukataa. Tunakuombea afya na mapumziko marefu. Na gari lolote litakalotoka hapa, ukitaka kupanda, kiti cha kushoto ni chako.