Bi Lorna Haugen Anakiweka Chini Kipimo

Leo Ijumaa, tarehe 14 Novemba 2025, Bi Lorna Haugen anastaafu baada ya kulitumikia Duka la Tollefson hapa Harlow Creek kwa miaka thelathini na minane na miezi miwili. Mimi, Dell Ruckman wa kaunta ya mbele, nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake na kuusoma kwenye karamu hii kwa sababu, kwa maneno ya bosi wetu Arne Tollefson, "wewe ndiye unayeongea kuliko wote humu, basi mara hii ongea kwa faida." Haya, naongea.

Aliajiriwa Septemba 1987 kuuza misumari na nyaya za uzio. Wiki ya tatu tu, mzee aliyekuwa akisubu risasi kule nyuma alishikwa na mgongo, na Bi Lorna akaombwa akae na chungu "siku mbili tatu hivi." Hizo siku mbili tatu ndizo zinazoisha leo. Chumba kile tunakiita jikoni. Kina chungu cha umeme cha kuyeyushia madini, rafu ya kalibu, bonge la nta ya nyuki, na feni ya moshi inayopiga kelele tangu sijaajiriwa. Kina pia sheria kwamba hakuna kula humo ndani, na Bi Lorna ameisimamia hata kwa bosi. Siku moja Arne aliingia na donati mdomoni, akatolewa nje kwa kushikwa kiwiko, mbele ya wateja.

Kwa sababu ya jikoni hilo watu wanaendesha gari mwendo wa saa tatu kuja kwetu. Wengi wao wana zile bunduki za wenzo, za kuvuta mkono wa chuma chini ya kitako kila unapotaka kupiga tena, zenye mtutu mnene, walizorithi kwa baba na babu, na wanataka risasi za kusubu, nzito, za kuangushia elki, wale kulungu wakubwa wa milimani, au nyati. Na karibu wote huanza kwa kosa lilelile. Wanaegemea kaunta, wanapanua kifua, wanasema, "Nipe zile ngumu kabisa, nzito kabisa, zenye kasi kabisa." Bi Lorna huwaacha wamalize. Kisha huuliza, "Umekuja kununua risasi au kununua sifa?"

Nimesimama karibu na darasa lake miaka tisa, kwa hiyo nalijua kwa moyo. Risasi ngumu mno hupasuka ikigonga mfupa wa bega. Laini mno huteleza na kuuachia mtutu uchafu wa madini. Ndefu mno hukwama unapovuta wenzo, na hakuna mnyama anayekusubiri ukwamuke. Lakini yote hayo, anasema, ni ya pili. La kwanza ni kutosha. Risasi iuzidi mtutu kwa sehemu moja tu kati ya elfu za inchi, iubane vizuri, na hapo mengine yanasameheka.

Na pua iwe bapa! Hili Grady Pruett analijua vizuri, na ameniruhusu nilisimulie maadamu nitaje kwamba alikuwa kijana. Katika bunduki hizi risasi hukaa ndani ya mrija chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, pua ya hii ikiegemea fataki, kile kidude cha kuwashia baruti, ya ile iliyo mbele yake. Pua ikichongoka, siku bunduki inapopiga teke zinaweza kulipuka zote mkononi mwako. Grady aliona pua bapa hazina ukali. Akakaa bandani kwake wiki nzima akizichonga risasi arubaini kwa tupa, zikawa kali ajabu, na kabla hajazipachika kwenye maganda akazileta dukani kuringia. Bi Lorna aliomba azione, akazibeba mpaka jikoni, akazimwaga chunguni zote.

"We mama, hizo ni zangu!" Grady alipiga kelele.

"Na vidole ni vya nani?" akajibiwa.

Sasa nije kwenye desturi iliyolipa jina duka letu. Bi Lorna hamuuzii mtu risasi bila kuupima mtutu wake. Uwe jirani, uwe shemeji, uwe hakimu wa wilaya, utatoa bunduki, tutahakikisha haina kitu ndani, naye atakigonga kipande cha madini laini kutoka mdomo wa mtutu hadi nyuma kwa ufito wa mbao. Kipande kinatoka kimebeba umbo la mtutu wako. Anakipima kwa maikromita, anakitia kwenye bahasha yenye jina lako na namba, na bahasha inaingia kwenye lile kabati la zamani la mbegu. Ukiacha moja nitakayoisema baadaye, ziko bahasha elfu mbili mia tatu na kumi na sita. Wengine wamekufa, vipande vyao vipo, na watoto wao huja kuomba waviguse tu.

Wakati ufito unagonga, anakuuliza maswali matatu. Unakwenda kuwinda nini? Utapiga ukiwa hatua ngapi? La tatu ndilo linalonyamazisha watu: akikimbia na jeraha, uko tayari kumfuata mpaka wapi? Kuna waliosema mpaka mtoni. Kuna waliosema mpaka giza liingie. Jamaa mmoja wa mjini alisema hategemei kukosa, na akaondoka na kamba ya kufungia mbwa bila risasi hata moja.

Hapa lazima nikiri jambo, na ndugu zangu mnisamehe. Kwa miaka minane, kila nilipopata nafasi, nilikuwa natoa bahasha mpya kabatini na kupima upya nikiwa peke yangu. Si kwa uangalifu. Ilikuwa kwa kijicho. Alikuwa ameniambia wiki yangu ya kwanza kwamba nina mikono ya kufungulia chupa, na niliapa nitamkamata amekosea, hata mara moja, nimwonyeshe. Miaka minane sikumkamata.

Nilimkamata Ijumaa moja asubuhi, Oktoba mwaka jana. Bahasha ilikuwa ya Noreen Castleberry, yule mwenye shamba la ng'ombe kule kwenye daraja la juu, aliyerithi bunduki ya baba yake. Bi Lorna alikuwa ameandika 457, yaani elfu za inchi. Nikapima, nikapata 460. Nikafuta miwani, nikapima tena. 460. Maana yake Noreen alikuwa amebeba risasi nyembamba kwa elfu tatu, zitakazotoka mtutuni zikipinduka hovyo, na alikuwa anapanda milima ambako mwindaji wa elki hukutana na dubu wakubwa. Tena hakuwa amezijaribu kwenye shabaha. Nilipomkumbusha siku anazichukua, alinicheka: "Za Bi Lorna ndizo za kujaribu?"

Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi, jamani. Nilisimama pale kabatini nikatamani yeye ndiye angekuwa amenikamata mimi.

Nilimpelekea kipande bila kusema neno. Alikiweka kwenye maikromita, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akaipeleka dirishani. Kisha akanipa. "Nisomee," akasema. Nikamsomea. "Vaa koti," akasema. "Chukua kasha la 461 pale rafuni."

Tuliendesha maili sabini, theluji ikianza kudondoka, mimi nikiongea ovyo na yeye akitazama barabara. Nilimwambia labda tuseme kasha lilichanganyika rafuni, jambo la kawaida, nani atajua. Aligeuka akanitazama. Nilinyamaza mpaka tulipofika, na wanaonijua wanajua hiyo ni maili ngapi.

Tuliwakuta Noreen na kaka zake wawili pale njia ya mlimani inapoanzia, wamekwisha kufunga mizigo kwenye nyumbu. Bi Lorna alishuka, akaenda moja kwa moja. "Noreen, mtutu wako niliusoma vibaya. Zile nilizokupa si zako. Nirudishie."

Noreen alicheka kwa aibu. "Bi Lorna jamani, elfu tatu za inchi? Umekuja huku kote kwa ajili ya unywele?"

"Piga moja," Bi Lorna akasema. "Pale, kwenye boksi."

Kaka mtu akaenda kuegemeza boksi la kadibodi kwenye tuta la udongo, hatua hamsini. Noreen akapiga. Tulipolifuata, tulikuta tundu pembeni kabisa, tena refu, umbo la soli ya kiatu. Risasi ilikuwa imeingia kwa ubavu. Hakuna aliyecheka tena. Noreen alilishika lile boksi, akatazama milima, akatazama kasha lililokuwa mfukoni mwake. Kisha akapiga na zile za 461, tatu, na zote tatu ungeweza kuzifunika kwa kiganja.

"Haikuwa lazima uje mwenyewe," Noreen akamwambia.

"Wewe hukuzijaribu kwa sababu ni zangu," Bi Lorna akajibu. "Ningemtuma nani?"

Siku ya tatu Noreen alimpata elki wake, kwa risasi moja, na nyama yake ya mgongo mliila wengi wenu bila kujua imetoka wapi. Lakini Bi Lorna alikuwa amekwisha kuandika kwa chaki kwenye ubao wa dukani, palepale tunapoandika bei ya chakula cha kuku: *Niliukosea mtutu wa Noreen Castleberry. Nilisoma 457, ni 460. L. Haugen.* Arne alitaka kuufuta, akidai utafukuza wateja. Aliambiwa akiufuta afute na jina la Bi Lorna kwenye orodha ya mishahara. Ulikaa mwezi mzima. Na wateja waliongezeka, Arne, nakumbusha tu.

Daktari wa macho alisema ya mbali bado yako sawa, ila ya karibu yanaingia ukungu, na mistari midogo ya maikromita haitarudi. Tangu hapo yeye alisubu na mimi nikasoma. Nikisoma kitu, alinirudisha nisome tena. Nikisoma mara ya pili, aliniuliza nimeshikilia wapi. Niseme ukweli wangu wote leo: mwaka huu mmoja nimefokewa kuliko nilivyofokewa na marehemu mama yangu, na sijawahi kuwa na mwaka mzuri hivi kazini.

Juni mwaka huu ikaja barua. Bi Lorna amekuwa akiingiza jina lake kwenye bahati nasibu ya kibali cha nyati tangu 1991, na kila mwaka jibu lilikuwa hapana. Safari hii likawa ndiyo. Mjue kwamba mwanamke huyu amewachagulia risasi watu elfu mbili na zaidi, na katika misimu thelathini na minane hajawahi kwenda kuwinda, kwa maana miezi ya kuwinda ndiyo miezi ya jikoni. Bunduki yake ya wenzo, aliyoinunua mwaka wake wa pili hapa, imekaa nyuma ya mlango. Siku barua ilipofika nilikwenda kabatini, herufi H. Hapakuwa na bahasha yake. Mganga hajigangi.

Jumatatu iliyopita alikuja dukani kupitia mlango wa mbele, jambo ambalo hajalifanya miaka yote hii. Alisimama kwenye foleni nyuma ya mtu wa koleo la theluji. Zamu yake ilipofika aliilaza bunduki kwenye kaunta, wenzo ukiwa wazi, tupu.

"Nipime," akasema.

Nikaipokea kwa mikono yangu ya kufungulia chupa. Nikaanza kugonga ufito. Na kwa kuwa desturi ni desturi, nikamuuliza. Unakwenda kuwinda nini, Bi Lorna?

"Nyati."

Hatua ngapi?

"Hamsini. Nikiweza kusogea, arubaini."

La tatu sikutaka kumuuliza, lakini alikuwa ananisubiri kwa jicho lile tunalolijua sote. Akikimbia na jeraha, uko tayari kumfuata mpaka wapi?

"Sitaki kumfuata hata hatua moja," akasema. "Ndiyo maana nimekuja kwako."

Kwa hiyo, Bi Lorna, sikupi saa ya ukutani. Arne anayo hiyo saa, atakupa baada ya pai, nawe uipokee vizuri. Mimi nimekuwekea kasha dogo chini ya kitambaa cha meza yako. Zimo risasi ishirini, pua bapa, madini laini yenye bati kidogo, gramu ishirini na sita kila moja, nilizozisubu na kuzipachika kwenye maganda mwenyewe jikoni wakati umekwenda kwa daktari. Mtutu wako ni 458, risasi ni 459. Nimeupima mara tatu, Noreen akaja akaupima mara ya nne, na kipande kipo kabatini, bahasha ya elfu mbili mia tatu na kumi na saba. Ila bado nakuomba ukazijaribu kwenye shabaha kwanza, maana hizi si za Bi Lorna, ni za Dell.

Ahsante kwa miaka yote, kwa kufoka kote, na kwa zile maili sabini. Tunakuombea macho ya mbali yabaki makali na chai yako isipoe. Msimu wa nyati unafunguliwa kesho asubuhi. Nenda salama, Bi Lorna, na usimfuate hata hatua moja.