Mama Rula na Daftari la Maneno ya Mwili

Wasikilizaji wapendwa, siku ya kwanza nilipokutana naye hakunitazama usoni. Alinitazama sikio. Nilikuwa nafagia korido ya zahanati. Akasimama, akainamisha kichwa kama kuku anayechungulia punje, kisha akasema, "Safi. Endelea, mwanangu." Nikashika sikio langu mchana kutwa.

Huyo ndiye Mama Rula, muuguzi wa watoto wachanga. Ametutoka Jumanne, akiwa na miaka sitini na mitatu. Rula yake fupi ya plastiki haikukosekana mfukoni mwake. Leo redio hii imenipa mimi, mfagiaji wa zahanati, nafasi ya kumkumbuka yeye, na kulikumbuka daftari lake.

Hakuwa mtu wa kutulia. "Mama chai anakunywa amesimama," anasema binti yake mkubwa. "Ukimwambia tumbo linauma, hakupi pole. Anauliza: Wapi? Upande gani? Tangu lini? Weka kidole hapo!"

Mumewe ni fundi cherehani. Nilipomuuliza walivyokutana, alicheka huku akifuta macho. "Alikuja kushonesha sare. Mimi nampima yeye, kumbe yeye ananipima mimi. Akaniambia, fundi, bega lako la kulia liko chini kuliko la kushoto. Nikasema moyoni, huyu nikimwacha, nani mwingine ataniona hivi?"

Sasa lile daftari. Mama Rula alipokuwa bado mgeni kazini, alizaliwa mtoto ambaye mguu wake mmoja ulikuwa umegeukia ndani. Kwenye kadi akaandika, "Mguu mbaya." Maneno mawili tu. Hospitali kubwa ikajibu kwa barua: Mguu upi? Mbaya vipi? Barua ikaenda, barua ikarudi. Miezi ikapita. Mifupa ya mtoto ikakomaa vilevile ilivyopinda.

"Ule mguu ungenyooshwa mapema," aliniambia mara nyingi, akizunguka chumbani. "Mkono wangu ndio uliouchelewesha."

Tangu hapo hakutaka kuliona neno "mbaya" kwenye kadi ya mtoto. Hakutaka "kasoro" wala "si kawaida". Kila zahanati ilikuwa na maneno yake. Huyu anaandika hivi, yule anaandika vile, na daktari aliye mbali anabaki kupiga ramli. Mama Rula alitaka jambo moja liwe na jina moja, na maana moja, kila mahali. Ndivyo lilivyozaliwa daftari. Maneno mia moja na kumi na mawili, kuanzia utosini hadi unyayoni.

Na kila neno lilifanyiwa mtihani. Mtu mmoja anasoma maelezo kwa sauti. Mwingine, ambaye hajaiona picha ya mtoto, anachora anachokisikia. Mchoro ukifanana na picha, neno limepita. Usipofanana, linafutwa, hata kama limetungwa na daktari bingwa.

Mchoraji nilikuwa mimi.

Daktari mmoja alinung'unika, "Huyu hakumaliza hata shule ya msingi."

"Ndiyo maana," Mama Rula akamjibu. "Akielewa yeye, hakuna muuguzi atakayepotea. Wewe ungeelewa hata nikikohoa."

Wasikilizaji wapendwa, Jumatatu daftari hili linapelekwa kuchapwa upya, lisambazwe kwenye zahanati nyingi zaidi. Mwanawe wa kiume ametuambia, "Msiguse hata nukta. Huo ndio wasia wa mama."

Kwa fundi na wanawe, poleni sana. Poleni wauguzi wote aliowafunza. Nasi tuliobaki, kila mmoja ajiulize: ni jambo gani nimelieleza nusunusu, na nani analipia?

Nilitakiwa niishie hapo. Fundi mitambo wa studio ananionyesha saa. Lakini tangu Jumanne silali, sili, na kiti hiki kinanichoma.

Neno la mia moja na kumi na mawili ni kishimo cha mgongoni. Watoto wengi huzaliwa na kishimo chini kabisa, karibu na njia ya haja kubwa, na hakina shida. Kikiwa juu zaidi, mtoto anatakiwa apelekwe hospitali, uti wa mgongo utazamwe. Maelezo yetu yalisema kiko "juu kidogo ya mwisho wa mgongo". Sikujua hicho kidogo ni kiasi gani. Sikujua mgongo unahesabiwa kuwa umeishia wapi. Chumbani walikuwemo madaktari watatu, wote wanaume, nikaona haya kuuliza. Na asubuhi ile, nilipokuwa nafuta meza, nilikuwa nimeiona picha. Basi nikachora nilichokiona, si nilichokisikia.

Mama Rula alikuwa ameshaanza kuumwa. Aliutazama mchoro wangu muda mrefu. "Hili neno 'kidogo' linaniwasha," akasema. "Lakini kama umechora sawasawa, mwanangu, basi limepita."

Wauguzi mnaonisikia, hilo moja msilitegemee. Kaka, mwana wa Mama, najua ulisema tusiguse hata nukta, lakini naomba mtambo wa kuchapa usubiri mpaka mtu mwingine alichore, mtu ambaye hajaona picha.

Halikupita, Mama. Sikulielewa.