Zimwi Lililosalimu Amri

Benchi lenyewe lina miguu mitatu na tofali, limeegemea ukuta kati ya kinyozi na fundi cherehani, na anayekaa upande wa tofali hukaa kwa adabu. Hapo kila Jumamosi, birika la kahawa likiwa katikati, watu wazima wenye ndevu zao hucheza hadithi. Wembe, ambaye ndiye kinyozi, husimulia dunia nzima: milima, wachawi, mpaka tabia za farasi. Wengine kila mmoja ana mtu wake humo ndani, na dadu huamua nani anapona. Fundi cherehani wanamwita Kiapo, kwa sababu mtu wake ni shujaa mtakatifu mwenye upanga wa nuru, na nuru hiyo imefungwa kwa kiapo: hasemi uongo, hamdhuru aliyesalimu amri, hamwachii mwovu akaenda zake. Akikivunja, nuru inazimika, anabaki mtu wa kawaida mwenye chuma kizito. Sasa, Jumamosi iliyopita zimwi zee lilitupa rungu likapiga magoti mbele yake. Kiapo hakuliua, wala hakuliachia. Alilifunga kamba kwenye mti, safari ikaendelea. Leo Wembe alitakiwa kutoa hukumu, kama kiapo kimevunjika au la, kabla hawajafika kwenye lango la adui, na Kiapo hakuwa amelala vizuri.

— Kesi nyepesi hii, — alianza Wakili, ambaye huuza makava ya simu na mahakamani aliwahi kuingia mara moja tu, akikimbia mvua. — Kiapo kinasema asimdhuru. Kamba si kisu. Mteja wangu ni msafi.

— Nani kakuajiri? — Kiapo aliuliza.

— Nimejitolea. Mficha uchi hazai.

Hakuna aliyeelewa uchi umeingiaje hapo, lakini aliusema kwa sauti ya kufunga kesi, wakamwachia.

Antena, fundi redio, alikuwa amemkazia Wembe macho tangu kikombe cha kwanza.

— Mimi nauliza kitu kimoja, shemeji. Lile zimwi lilitoka wapi? Tunapita msitu mtupu, mara zimwi zee linakohoa, linapiga magoti. Kwa nani? Kwa Kiapo. Mbona halikunipigia mimi?

— Wewe kwenye hadithi ni mwizi.

— Ndiyo hivyo. Umelipanga. Akiliua kavunja kiapo, akiliachia kavunja. Mtego huo. Tangu akushonee lile koti lenye mkono mmoja mfupi, unamtafuta.

Kiapo aligeuka kumtazama Wembe. Koti lilikuwa mwilini mwake, na kweli mkono wa kushoto uliishia karibu na kiwiko. Hapo wasiwasi ukamwingia Kiapo. Juma zima yeye ni mtu wa kusema uongo, kazi yenyewe ndivyo ilivyo: njoo kesho, vimebaki vifungo tu, umeme ulikatika. Jumamosi peke yake ndiyo hukaa na mtu ambaye neno lake ni neno. Alimpenda shujaa yule kuliko alivyothubutu kumwambia hata mkewe, na kunyang'anywa kwa ajili ya koti kungemuuma.

— Koti nimelisahau, — Wembe alisema.

— Aliyesahau hasemi kasahau, — Antena akamjibu.

Wakili alinyanyua kidole.

— Ngojeni. Naanza kumtilia shaka mteja wangu. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, si ndiyo? Hili halikumla hata kidole. Maana yake linamjua sana.

— Linijue kutoka wapi?

— Hilo utatwambia wewe.

— Na kamba ilitoka wapi? — Antena alidakia. — Shujaa hutembea na upanga. Mwenye kamba ana mpango wake. Halafu hiyo nuru, nani kaiona? Tunasikia kwa Wembe tu kwamba inawaka. Huenda ilizimika zamani, na hawa wawili wanafichiana.

— Si umesema ananitafuta?

— Anakutafuta mchana, mnakutana usiku. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zetu zote hapa anashona nani?

Wote wakajitazama nguo. Kiapo alihisi uso unamwaka. Watu hawa amepigana nao bega kwa bega mapangoni, leo wanamchungulia kama mgeni aliyekutwa uani.

— Toa hukumu, Wembe, — alisema. — Nuru ipo au haipo?

Wembe alifungua mdomo. Kabla hajasema, akasogea dada mmoja nesi, mwenye begi begani, aliyekuja kuchukua sare yake akakuta mlango wa fundi umeegeshwa. Alikuwa amesimama pale muda kidogo, anasikiliza.

— Samahani, kaka zangu. Huyo mzee mliyemfunga kwenye mti, maji nani anampa?

— Mzee gani?

— Huyo zimwi. Si mmesema anakohoa?

Antena alimwangalia Wakili. Wakili akaangalia birika.

— Asiyekuwepo na lake halipo, — Wakili alijaribu, lakini sauti haikufika mbali.

Kiapo alimgeukia Wembe, na safari hii hakuwa anatafuta koti wala mtego.

— Wewe ndiye unayeijua dunia yote. Yukoje sasa?

— Sijui, — Wembe alisema taratibu. — Hakuna aliyeniuliza.

— Tangu tumfunge, huko kwenye hadithi tumetembea kiasi gani?

Wembe alikuna kidevu. Jangwa walikuwa wamelivuka lote, na mto, na kule kijijini walipokewa kwa ngoma, wakalala mpaka majeraha yakapona.

— Nageuza farasi, — Kiapo alisema.

Wembe akamsogezea dadu. Kiapo alizitazama palepale zilipo juu ya benchi. Upanga aliusahau kabisa. Aliogopa kufika kwenye ule mti.